Kabla hujamuuliza mwanika dagaa kama amerudi kazini

Madodoso mengi ya kazi na afya kwa watu waliomaliza matibabu ya saratani yametungwa kwa mtu mwenye mwajiri. Yanauliza siku za likizo ya ugonjwa, saa za kazi kwa wiki, na kama bosi alimpunguzia majukumu. Yapeleke Ziwa Victoria, Igombe, Kayenze au mwalo wowote (ufuko wa kushushia samaki) wa Ukerewe, uone yanavyokwama. Mama anayeanika dagaa "amerudi kazini" tangu siku aliyomtuma binti yake akanunue ndoo mbili, yeye akabaki kivulini kushika hela. Ukimuuliza, atasema ndiyo. Hajakudanganya, ila hujajua lolote.

Dawa yake ni kuivunja kazi vipande vipande: kununua dagaa mtumbwi unapofika alfajiri, kubeba, kuosha, kuanika, kugeuza, kuanua mvua ikitishia, kujaza viroba, kupeleka soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza. Kwa kila kipande uliza kama anafanya mwenyewe kama zamani, anafanya kwa kiasi kidogo, analipa mtu, au ameacha. Akisema analipa mtu, andika ni shilingi ngapi kwa ndoo. Hasara ya ugonjwa mara nyingi imejificha hapo, kwenye faida inayoliwa na wabebaji, wakati biashara kwa macho inaonekana iko palepale. Na usiseme "mzigo mzito". Sema ndoo ya lita 20 ya dagaa wabichi, kichwani, kutoka majini hadi kwenye chanja.

Kwa waliofanyiwa upasuaji wa titi na kutolewa tezi za kwapani, ongeza swali moja: aliambiwa nini kuhusu kubeba? Wengi walikatazwa kubeba kwa mkono ule maisha yao yote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa wanawake waliobaki na mkono uliovimba baada ya saratani ya titi, walioinua vyuma kwa kupandisha uzito polepole, wakisimamiwa, hawakuzidi kuvimba kuliko wasioinua. Kwa hiyo anayeogopa kubeba na asiyeweza kubeba ni watu wawili tofauti, na dodoso lisilowatenganisha litakuletea takwimu za hovyo. Uvimbe wenyewe upime, usiuulize tu. Futi ya fundi cherehani inatosha: anzia kwenye kifundo cha mkono, zungusha kila sentimita 10 kwenda juu, mikono yote miwili. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi mahali popote ndiyo wengi huihesabu kuwa uvimbe. Futi ya kitambaa ikichakaa hunyumbuka, basi ilinganishe na rula kila wiki.

Sasa mwezi. Hapa ndipo tafiti nyingi za pwani ya ziwa zinapojikwaa bila kujua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa kukiwa na giza. Mbalamwezi ikijaa, mitumbwi mingi ya dagaa inalala. Kazi ya mwanika dagaa basi haifuati wiki wala tarehe ya kalenda, inafuata giza. Dodoso la QLQ-C30 linalotumika sana kwa wagonjwa wa saratani huuliza hali ya wiki iliyopita. Mhoji wakati wa mbalamwezi, utamkuta amelala vya kutosha na uchovu umepungua, uandike amepona. Mhoji kwenye giza, siku ya tano mfululizo ya kuamka saa tisa usiku, utaandika amezorota. Mtu ni yuleyule.

Mzunguko wa mwezi angani ni siku 29 na nusu. Ratiba ya kurudi kila wiki 6, yaani siku 42, ni mbaya sana: ukimkuta kwenye giza mara ya kwanza, mara ya pili utamkuta karibu na mbalamwezi. Panga siku 59, au 88 na ushee, au 177. Ikiwa umefungwa na tarehe za kliniki, basi angalau andika umri wa mwezi (siku ngapi tangu uandame) kwenye kila fomu.

Maneno ya QLQ-C30 usiyaguse. Omba tafsiri ya Kiswahili kwa wenye dodoso, shirika la EORTC, na swali lao la kubeba mfuko wa manunuzi au sanduku liache hivyo hivyo hata kama mwaloni hakuna mwenye sanduku; swali la ndoo liweke kwenye karatasi yako. Kosa la kawaida ni la kukokotoa. Maswali ya uchovu ni la 10, 12 na 18. Mtu akijibu 2, 3 na 3, wastani ni 2.67, toa 1, gawa kwa 3, zidisha kwa 100, unapata 55.6. Kwenye uchovu alama kubwa ni mbaya. Kwenye vipimo vya utendaji alama kubwa ni nzuri. Wapo wanaojumlisha vyote kapu moja, halafu wanashangaa matokeo hayasomeki.

Kipimo cha 0 hadi 10 cha uwezo wa kazi, ukilinganisha na wakati ulipokuwa bora kabisa maishani, nacho kina mtego. Mvuvi atakupa 4 kwa sababu samaki wamepungua. Taja mwili waziwazi: "Tuseme samaki wapo tele, mwili wako ungeweza kiasi gani?"

Wanaume waliopata dawa za saratani kama paklitaxeli, vinkristini au sisplatini huweza kubaki na ganzi ya vidole. Familia humtoa kwenye mtumbwi na kumpa kazi "nyepesi" ya kushona nyavu, kazi inayotaka ncha za vidole hasa. Mpe uzi na kipande cha wavu umwangalie.

Kuwapata watu ni shughuli nyingine. Ukisubiri kliniki ya hospitali ya Bugando tu, utawapata wenye nauli. Ukiwafuata kijijini na gari lenye nembo, umewatangaza. Simu pia huwa ya mume au ya mtoto, kwa hiyo usitaje kansa mpaka umejua nani anaongea. Sema unapiga kuhusu miadi. Kwenye mwalo nenda alasiri, na wingu likitanda juu ya ziwa funga daftari, kwa maana kila mtu atakimbilia kuanua. Fidia ya muda ilipwe mwanzoni, kabla ya swali la kwanza, ili anayetaka kuishia katikati asione ameshikiliwa na hela. Na jina la mtu wa kumpelekea mgonjwa liwe mfukoni kabla hujaanza: mama aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi akikuambia ametokwa damu tena, dodoso linasimama hapohapo.