Bakteria wa udongo na peroksaidi: nilivyowaonyesha wanafunzi bila maabara kubwa

Jamani nimefanikiwa na nina furaha kwelikweli. Nafundisha baiolojia hapa Tabora, nilitaka wanafunzi waone kwa macho yao bakteria wa udongo wanavyohisi peroksaidi na kujikinga nayo. Ushauri niliopewa ulinikera: eti chukua udongo, mwagia peroksaidi ya kusafishia vidonda, likitoka povu ndio bakteria hao. Sio kweli! Udongo uleule niliukaanga kwenye jiko la mkaa mpaka hakuna kiumbe cha kupona, nikaumwagia, povu likatoka vilevile, maana manganizi ya kwenye udongo nayo inavunja peroksaidi na kutoa oksijeni. Mnawafundisha watoto uongo.

Mimi nilikoroga udongo wa chini ya mwembe na maji, nikaupasha nyuzi 80 kwa dakika 10, hapo wengi wanakufa wanabaki bakteria aina ya Bacillus na wenzake wenye spora, yaani hali ya kujifungia kwenye ganda gumu linalostahimili joto. Nikawakuza kwenye supu ya nyama isiyo na chumvi.

Sasa hapa ndio penyewe. Usisubiri supu iwe nzito, wakishazeeka wanakuwa sugu wenyewe na wanatengeneza spora, hutaona tofauti. Niliwawahi supu ikiwa ndio inaanza kuchafuka kidogo, ukiweka gazeti nyuma ya chupa bado maandishi unayasoma. Nikagawa chupa mbili, moja nikaidondoshea peroksaidi niliyoizimua sana nikaiacha kama nusu saa hivi, nyingine sikuigusa, halafu zote nikazipa dozi kali ileile, kisha tone mojamoja kutoka kila chupa nikatia kwenye supu mpya. Kesho yake walioonjeshwa kwanza wameshachafua supu, ya wenzao bado safii! Darasa lilipiga kelele mpaka walimu wa jirani wakaja kuchungulia.

Ndani ya Bacillus subtilis kuna protini inaitwa PerR, imeshika chuma na imezikalia jeni za kujikinga zisifanye kazi. Peroksaidi ikigusana na kile chuma inaiunguza PerR palepale ilipokishikia, PerR inaiachia DNA, katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, inaanza kutengenezwa kwa wingi. Ile dozi ndogo ndio inawapa muda wa kujiandaa.

Ukitaka kuwapima katalesi kwa kuwatia kwenye peroksaidi uone povu, wachote na kijiti cha meno, achana na waya wa chuma, unaweza kutoa povu wenyewe. Peroksaidi nunua mpya, iliyokaa wazi juani inabaki maji tu. Hela haikufika elfu ishirini nadhani, na nyingi ilikuwa ya nyama.