Mlinganyo wa shabu na chokaa: oksijeni naiacha mwisho

Ukitaka kujua kama mtu anaweza kusawazisha mlinganyo wa kemia, usimpe haidrojeni na oksijeni. Mpe shabu na chokaa. Hapa Kisumu ndio ninaoutumia, maana shabu watu wameiona ikituliza matope ya maji ya ziwa, na chokaa huchomwa hapo Koru.

Al₂(SO₄)₃ + Ca(OH)₂ → Al(OH)₃ + CaSO₄

Oksijeni imo katika fomula zote nne. Anayeanza nayo atazunguka hadi achoke, kwani kila namba anayoiweka inavuruga nyingine. Mimi mwanzoni siihesabu kabisa. SO₄ huvuka upande wa pili ikiwa nzima, OH vilevile, basi kila moja naihesabu kama kitu kimoja. Kushoto: alumini 2, SO₄ 3, kalsiamu 1, OH 2. Kulia: alumini 1, SO₄ 1, kalsiamu 1, OH 3.

Naweka 2 mbele ya Al(OH)₃: alumini zimetosha, OH zimekuwa 6. SO₄ zinatakiwa 3, naweka 3 mbele ya CaSO₄. Kalsiamu za kulia zinapanda hadi 3. Nikiweka 3 mbele ya Ca(OH)₂, OH 6 zinajipata zenyewe.

Al₂(SO₄)₃ + 3Ca(OH)₂ → 2Al(OH)₃ + 3CaSO₄

Sasa oksijeni inaitwa kama shahidi: kushoto 12 na 6, kulia 6 na 12. Ile 12 ya kushoto ndiyo huwapotea wengi, kwa kusahau kwamba 3 ya nje ya mabano inazidisha salfa na oksijeni pia. Uzito nao unakubali: gramu 342 na 222, kulia 156 na 408, pande zote 564.

Namba ndogo za chini haziguswi. Butani ya gesi ya kupikia ikiungua, ukiongeza oksijeni kwa kuandika H₂O₂ hujapata maji. Umepata dawa ya kung'arisha nywele. Molekuli moja ya butani, C₄H₁₀, inatoa CO₂ 4 na maji 5, basi atomi za oksijeni zinatakiwa 13, ambayo haigawanyiki kwa mbili ya O₂, kwa hivyo zidisha kila kitu mara mbili:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Ujanja wa kuhesabu kikundi kizima hukataa kikundi kikivunjika. Shaba ikitiwa kwenye asidi ya nitriki iliyozimuliwa, baadhi ya NO₃ hugeuka NO, basi naitrojeni na oksijeni zihesabiwe atomi kwa atomi:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O