Kompresa moja kwa waimbaji sita: ninavyopanga sauti za kwaya yetu Dodoma

Mimi ni fundi mitambo wa kwaya ya vijana hapa Nkuhungu. Vyombo vyetu vinatokana na michango ya wanakwaya wenyewe, kwa hiyo kila kinachonunuliwa lazima kifanye kazi kweli kweli. Tulianza na mikisa ya analogi, yaani meza ya kuchanganyia sauti, spika mbili kubwa, monita (spika inayomwelekea mwimbaji ajisikie) na maiki za waya. Kompresa, kifaa kinachobana sauti inapopanda kupita kiasi, ilikuja baadaye, ya mtumba, ya chaneli mbili, kwa shilingi 250,000. Naeleza nilivyoigawa kwa waimbaji sita wa mbele, maana kwaya nyingi ninazokutana nazo zina hali kama yetu.

Mwimbishaji wetu anaanza ubeti kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, kisha kiitikio kikifika anafungua kifua chote. Kwenye nyimbo za Kigogo ndiyo zaidi. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, anajua Mgogo anavyoweza kushuka chini kabisa kooni na kupanda juu kabla hajavuta pumzi. Wimbo ukikolea, vigelegele navyo vinapigwa maiki ikiwa mdomoni. Ukipanga sauti kwa ajili ya ubeti, kiitikio kinachoma masikio. Ukipanga kwa ajili ya kiitikio, maneno ya ubeti hayamfikii bibi aliyekaa benchi la nyuma, na yeye amekuja kusikia maneno.

Kabla ya kugusa mtambo wowote nilianza na waimbaji. Ukiongeza mara mbili umbali kati ya mdomo na maiki, sauti inashuka takriban desibeli 6, bure kabisa. Kutoka sentimita 4 hadi 8 ni kusogeza mkono kidogo tu. Tulifanya zoezi hilo Jumamosi baada ya Jumamosi: ubeti maiki iwe karibu, kiitikio isogee, kigelegele uso ugeukie pembeni. Na kichwa cha maiki hakishikwi. Ukikifunika kwa kiganja unaziba matundu ya pembeni yanayoisaidia maiki kukataa sauti ya nyuma, na papo hapo spika zinaanza kulia.

Kompresa yenyewe inaingia kwenye mikisa kupitia insati, tundu linalotoa sauti kwenda kifaa cha nje na kuipokea tena. Waya wake nilichomelea mwenyewe: upande mmoja jeki ya stereo, upande wa pili jeki mbili za mono. Kwenye mikisa yetu ncha ya jeki ndiyo inayopeleka sauti kwenye kompresa, pete inairudisha, na shina ni ethi. Chomelea kwa subira na jaribu kila waya kwa kuutikisa kabla ya ibada, kwa sababu waya mmoja wa insati ukilegea mwimbaji mzima anapotea.

Chaneli ya kwanza nilimpa mwimbishaji peke yake. Uwiano naweka 3:1, maana yake sauti ikivuka kizingiti, yaani kiwango ambacho kubana kunaanzia, kwa desibeli 9, zinazotoka ni 3. Kizingiti sikipangi kwa namba. Namwambia aimbe ubeti, taa za kubana zisiwake. Aimbe kiitikio, ziwake kati ya desibeli 4 na 6. Ataki, muda wa kompresa kuanza kubana, naiweka milisekunde 10 hadi 20. Ikiwa ya haraka mno, herufi kama k, t na ch zinapondwa na maneno yanakuwa butu. Rilisi, muda wa kuachia, inakaa kwenye milisekunde 100 hadi 150. Ikichelewa sana, neno la kwanza baada ya kigelegele linamezwa, na katika nyimbo zetu mara nyingi hilo ndilo neno linalofungua ubeti.

Chaneli ya pili iko kwenye grupu ya waitikiaji wanne. Hapa kuna jambo la kuangalia: mmoja akipaza kuliko wenzake, kompresa inawabana wote wanne. Kwa hiyo kwanza nawasawazisha kwa feda, vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, na kwa nafasi ya kusimama, kisha kompresa inafanya kazi kidogo tu, desibeli 2 au 3. Mwimbaji wa sita, msaidizi wa mwimbishaji, hana kompresa. Yeye ana kidole changu kwenye feda, na nimezijua nyimbo zake zote kwa moyo ili nishushe kabla hajapanda.

Gein ya kutolea, yaani kuipandisha tena sauti iliyokwisha kubanwa, naiogopa kwa heshima. Ukiongeza desibeli 6 baada ya kubana, umesogea desibeli 6 karibu na pale spika zinapoanza kulia, na ndani ya kanisa la paa la bati nafasi hiyo huwa finyu tangu mwanzo. Naongeza 2, labda 3, basi.

Kisha kuna monita. Mwimbaji akisikia sauti yake imebanwa anadhani hana nguvu, anazidi kupaza, kompresa inazidi kubana, na mwisho wa ibada koo limekauka. Maiki ya mwimbishaji naigawa kwa waya wa Y iingie chaneli mbili za mikisa. Yenye kompresa inakwenda kwenye spika za waumini. Isiyo na kompresa haiendi kwa waumini kabisa, inakwenda monita tu. Tangu tulipoanza hivyo anaimba kwa utulivu, na amesema mwenyewe kwamba sauti yake inadumu hadi wimbo wa mwisho.

Nje ya kanisa habari ni nyingine. Kiangazi tunaalikwa mikutano ya uwanjani, na upepo wa Dodoma wanaujua wanaoishi hapa. Upepo ukigonga maiki unatoa mvumo mzito. Kompresa haijui kuwa ule si sauti ya mtu, inaubana, na mwimbaji anazama nao. Dawa ni sponji juu ya maiki na kitufe cha kukata besi chini ya hezi 100, ambacho kwenye mikisa yetu kinafanya kazi kabla ya insati. Vyote viwili vinagharimu karibu na bure.

Kuhusu efekti, zilizomo ndani ya mikisa zinatutosha. Kanisani siwawekei waimbaji rivabu, ule mwangwi kama wa ukumbi mkubwa, hata kidogo. Bati na kuta za tofali zinarudisha sauti za kutosha. Ukiongeza nyingine ni kama kumwaga maji kwenye uji uliokwisha kuwa mwepesi. Natumia dilei ya chini, yaani sauti inayojirudia baada ya muda mfupi, inayofuata mapigo: gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo kwa dakika, unapata milisekunde. Wimbo wa mapigo 100 unatoa 600, na nusu yake, 300, huwa inakaa vizuri kwenye nyimbo za kusifu. Uwanjani hakuna ukuta wa kurudisha chochote, sauti inakuwa kavu, hapo ndipo rivabu inapata kazi.

Na mtu anapoongea, efekti zote zinazimwa. Nimeunga swichi ya mguu kwa kazi hiyo moja. Inaniuma sana kwenye misiba kusikia neno la faraja likirudi mara tatu hewani, wafiwa wakishindwa kujua limesemwa nini. Wimbo ukiisha mguu wangu uko kwenye swichi kabla mchungaji hajafungua mdomo.

Kwaya isiyoweza kununua kompresa ya pembeni na waya zake ingefaa itazame mikisa ndogo zenye kompresa ya nobu moja ndani, kama Yamaha MG10XU, ambayo pia ina efekti 24. Nobu moja haikupi uhuru wa kupanga ataki na rilisi, lakini kwa mwimbishaji mmoja na msaidizi wake inatosha. Izungushe polepole wakati wa mazoezi, mwimbaji akiwa kwenye kiitikio, na mtu mwenye masikio mazuri awe amekaa benchi la nyuma akikuonyesha kwa mkono kama maneno yanafika.