Daftari la chama: kuweka ruhusa kwenye objekti za Python

Mradi: programu ndogo ya kutunza akiba na mikopo ya chama. Klasi kuu ni `Akaunti`, yenye `salio`, `miamala`, `weka()` na `toa()`. Hadi sasa, msimbo wowote ulioishika objekti ungeweza kuita `toa()`. Lengo la awamu hii: mhazina aweke na kutoa, katibu na mkaguzi wasome tu, mwanachama aone akaunti yake peke yake.

Mistari ya chini haitoshi

Mstari wa chini mbele ya jina, kama `_salio`, ni ombi la adabu, hauzuii kitu. `self.__salio` nayo hugeuzwa kuwa `_Akaunti__salio`, na yeyote anayelijua jina hilo anaingia. Utaratibu huo uliwekwa ili majina ya klasi mama na klasi mtoto yasigongane, si kwa ajili ya siri. Tena haujui nani anauliza: ama wote wanaona, ama wote hawaoni.

Kujaza `if mtu.cheo == "mhazina"` ndani ya kila methodi pia kumekataliwa. Methodi mpya ikiongezwa na mstari huo ukasahaulika, mlango umebaki wazi na hakuna jaribio litakalolalamika.

Wakala

Akaunti halisi haitoki tena ghalani. Fankshoni `fungua(mtu, akaunti)` ndiyo pekee inayoamua, na inarudisha wakala, yaani objekti inayosimama mbele ya akaunti, mwenye orodha ya majina yaliyoruhusiwa:

```python
class HanaRuhusa(Exception):
    pass

class Wakala:
    __slots__ = ("_lengo", "_ruhusa")

    def __init__(self, lengo, ruhusa):
        object.__setattr__(self, "_lengo", lengo)
        object.__setattr__(self, "_ruhusa", frozenset(ruhusa))

    def __getattr__(self, jina):
        if jina.startswith("_"):
            raise AttributeError(jina)
        if jina not in self._ruhusa:
            raise HanaRuhusa(jina)
        return getattr(self._lengo, jina)

    def __setattr__(self, jina, thamani):
        raise HanaRuhusa(jina)
```

Python huita `__getattr__` pale jina lisipopatikana kwa njia ya kawaida, na `__setattr__` kila jina linapowekewa thamani. Kisichotajwa kimekatazwa. Methodi mpya inazaliwa ikiwa imefungwa.

Sharti la `startswith("_")` lisiondolewe. `copy.copy()` huunda objekti bila kupitia `__init__`, kisha hutafuta `__setstate__` (methodi ya kurudisha hali ya objekti). Bila sharti hilo, `__getattr__` inaitafuta `_ruhusa` ambayo bado haipo, inajiita yenyewe, na mwisho wake ni `RecursionError` (hitilafu ya kujiita bila kikomo). Likiwepo, kunakili wakala kunagonga `__setattr__` na kukataliwa, jambo ambalo ndilo tunalolitaka.

Jina la hitilafu lina uzito

Python ina `PermissionError` tayari, na inashawishi. Lakini ni mtoto wa `OSError`: sehemu ya kuhifadhi faili yenye `except OSError` ingeimeza kimyakimya. `AttributeError` ni mbaya zaidi. `hasattr()`, inayouliza kama jina lipo, ingejibu `False`, na kiolezo cha Jinja2 (maktaba ya kutengeneza kurasa) kingeacha nafasi tupu palipostahili salio. Mtu angedhani akaunti haina kitu. Ndiyo maana `HanaRuhusa` inarithi `Exception` moja kwa moja.

Panapovuja

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kukagua mlangoni ni rahisi. Kinachotoka na mgeni ndicho cha kuangalia.

`miamala` ilirudisha orodha yenyewe, hivyo katibu wa kusoma tu angeweza kuita `.clear()` na historia yote ikafutika. Sasa inarudisha `tuple` (orodha isiyobadilishika), na kila `Muamala` ndani yake ni `dataclass` yenye `frozen=True`, yaani sehemu zake haziwekewi thamani mpya. `weka()` nayo ilimalizia kwa `return self`, yaani inakabidhi akaunti halisi bila wakala; sasa inarudisha namba ya risiti. Tena `wakala.weka.__self__` bado inaifikia akaunti, kama inavyofanya `wakala._lengo`. Hizo zimeachwa makusudi. Ulinzi huu unazuia makosa ya msimbo wetu wenyewe. Msimbo wa adui ndani ya mchakato uleule hauzuiliki kwa Python tupu, huo unahitaji mchakato wake.

Methodi maalumu (zenye mistari miwili ya chini kila upande, kama `__eq__` inayoendesha `==`) hazipiti `__getattr__`, kwa sababu Python huzitafuta kwenye klasi. Kwa hiyo mawakala wawili wa akaunti moja hawakuwa sawa kwa `==`, na ndani ya `set` walihesabiwa mara mbili. `__eq__` imeongezwa pamoja na `__hash__`, inayotoa namba ambayo `set` huitumia kutambua vitu. Ukiandika ya kwanza peke yake, Python huiweka `__hash__` kuwa `None` na `set` inakataa kabisa.

Sheria zisizo za wakala

"Aliyeomba fedha zitolewe asiidhinishe mwenyewe" haiwezi kuandikwa kama orodha ya majina, maana inategemea muamala wenyewe. Imekaa ndani ya `toa(ombi, mwidhinishaji)`, na inamhusu hata mhazina.

Kilichobaki

Jaribio linalopita kwenye kila jina la wazi la `Akaunti` na kuanguka endapo jina halimo kwenye jedwali la vyeo, hata kwa alama ya "hakuna". Kisha klasi ya `Mkopo`, ambayo ni ngumu zaidi: mdhamini si mwenye mkopo, ila ana haki ya kuona deni lililosalia.