Siku moja maishani mwangu: duka la robo robo, Magomeni ya Mtwara

Saa 11 alfajiri nishafungua dirisha. Wa kwanza ni akina mama wa vitumbua na wale wanaowahi samaki feri, sukari robo, unga nusu, majani ya mia, mpaka saa 2 wamepungua nikamwachia mdogo wangu duka nikaenda jumla na bajaji, nikarudi na mfuko wa sukari wa kilo 50 na dumu la mafuta la lita 20.

Saa 4 kaja kaka mmoja, mgeni mtaani. Sukari bei gani? Nikamwambia kilo 3,000, robo 800. Akaanza kupiga hesabu kwa sauti mbele ya wateja, robo nne ni 3,200, kwa hiyo mia mbili mnamla maskini, ndo maana hawa watu hawaendelei, supamaketi bei ni moja tu. Iliniuma jamani. Nikamwambia kaka angu subiri uone. Nikachota, nikaweka kwenye mzani, nikakunja karatasi. Karatasi nanunua. Zile punje zinazobaki kwenye kikombe na zinazomwagika mezani ni zangu. Huo mfuko hesabu inasema robo 200, mimi nikitoa 196 nashukuru Mungu.

Tukiwa bado tunabishana akafika bibi na kichupa chake. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu, nitilie mafuta ya mia tano, uniandike. Nikampimia, nikainamisha kipimo mpaka tone la mwisho, maana bibi analiangalia lile tone. Nikaandika. Hiyo supamaketi nani atamwandika bibi? Kaka kanyamaza, kachukua kilo, katoa noti ya elfu kumi, chenji nikaifuata mpaka kwa muuza mkaa.

Na mwezi wa tisa ndo mgumu kuliko yote. Korosho ndo kwanza zinadondoka, minada mpaka Oktoba, halafu usubiri hela ipite chama cha ushirika, na nusu ya mtaa huu shamba lao liko Newala au Tandahimba. Daftari la madeni limefika laki sita na nusu, mtaji wangu wote haufiki milioni mbili. Ila silifungi. Mei 2024 mvua zilipokata barabara pale Somanga na mzigo wa Dar ukakwama, kilichokuwepo dukani niligawa kidogo kidogo ili kila nyumba ipate, na wanakumbuka.

Mchana sijui hata ulipitaje, nilikula wali nimesimama. Jioni watu wote wamerudi na umeme nao ukakatika, napima kwa tochi ya simu, huyu chumvi, huyu dagaa, huyu kiberiti, mtoto katumwa kasahau katumwa nini nikamrudisha akaulize, miguu inawaka moto.

Sasa hivi imepita saa 4 usiku, nimefunga. Naandika huku nakata karatasi za kesho. Nimefika sitini, bado nakata.