Pikipiki Inapozimika Mafuta Yakikaribia Kwisha

Pikipiki ikizimika huku mafuta yakiwa yamepungua, vijana wengi wa boda boda hapa Mombasa hukimbilia kung'oa plagi inayowasha mafuta kwa cheche, kuipangusa na kuirudisha, kisha hupiga kiki hadi jasho liwatoke. Nasisitiza kwamba dalili yenyewe imekwisha kutuonyesha pa kuanzia: injini ikiwa inakwenda vizuri tangi limejaa na inasumbua tu likikaribia kuwa tupu, basi njia ya mafuta ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, kuanzia kwenye tangi kushuka hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya mafuta na hewa.

Katika pikipiki nyingi za kabureta, koki, yaani kifungulio cha mafuta chini ya tangi, ina mirija miwili ndani ya tangi. Mrefu hutumika katika mwendo wa kawaida, na mfupi, ulio karibu na sakafu ya tangi, hutumika koki ikigeuzwa upande wa rizavu, yaani mafuta ya akiba. Injini ikizimika kisha ikawaka baada ya kugeuza koki, hakuna kilichoharibika. Umeonywa tu ukatafute petroli. Wanaoendesha kwenye rizavu siku zote hujinyima onyo hilo, nami sioni wanachopata.

Umbo la tangi nalo lina lake. Limeikalia fremu kama tandiko, kwa hiyo lina vibonde viwili, na koki huwa upande mmoja tu, mara nyingi kushoto, kuelekea nyuma. Mafuta yaliyobaki kibonde cha pili hayawezi kuvuka mpaka uilaze pikipiki upande wa koki. Ndiyo sababu mtu anaweza kuzimikiwa akiteremka kuingia feri ya Likoni, hasa wakati wa maji kupwa ambapo mteremko huwa mkali zaidi: petroli kidogo iliyomo hukimbilia mbele na kuiacha koki ikavu.

Kukagua kifuniko cha tangi hakuchukui muda. Kina tundu dogo la kuingizia hewa, na likizibwa na vumbi au kutu, mafuta hushindwa kushuka, hasa yakiwa kidogo na hayana uzito wa kujisukuma. Injini ikizimika, fungua kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na pikipiki ikawaka baada ya muda mfupi, lisafishe tundu hilo.

Ninalolihofia zaidi katika mji huu wa pwani ni maji. Wengi hununua mafuta ya shilingi mia, wakabeba abiria mmoja au wawili, wakarudi kununua tena, na hivyo tangi hukaa karibu tupu mwezi mzima, ingawa petroli ya Mombasa kwa kawaida ni nafuu kuliko ya Nairobi. Nafasi iliyo wazi hujaa hewa yenye unyevu, ambayo usiku ukipoa unyevu wake hugeuka kuwa matone ya maji kwenye kuta za bati. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo huzama chini, yakaleta kutu, na uchafu wote huo hujikusanya pale pale mrija wa rizavu unapovuta. Tangi likijaa, mrija mrefu huvuta juu ya uchafu huo; likipungua nawe ukageukia rizavu, mrija mfupi unaupeleka kwenye kabureta.

Ili kuhakikisha, subiri injini ipoe, kaa mbali na jiko na sigara, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uuelekeze kwenye chupa angavu, kisha fungua rizavu. Iache chupa itulie: maji yataonekana chini kama tabaka la pekee. Mafuta yakidondoka badala ya kutiririka, chujio la koki au mpira umeziba. Ukiona maji au chembe za kutu, toa mafuta yote, vua koki, osha chujio lake kwa petroli safi, na uirudishe na mpira wake wa kuzuia kuvuja. Kisha fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta ili maji yaliyokwisha kufika huko yatoke. Mtiririko ukiwa safi na wa kutosha, na bado injini inazimika, mwombe fundi asafishe jeti, yaani vitundu vya kupitishia mafuta ndani ya kabureta, na kupima kimo cha boya lake. Plagi ifuate baada ya hapo.