Gorogoro la Kondele

Agosti 2018 nilishuka matatu Kondele, Kisumu, nikiwa na shilingi 3,500 kwenye M-Pesa na daftari la mapishi ya dani, mama mzaa baba: dagaa wa omena, samaki wa mbuta, mboga ya osuga inayolazwa kwenye maziwa. Nilitaka yawe blogu kabla dani hajaanza kuyasahau.

Nilikuwa nimeshachagua hata kabla ya kufika. Usiku uliotangulia niliona kampuni moja ya Marekani ikitangaza huduma ya kuhifadhi tovuti kwa dola 2.95 kwa mwezi, nafasi isiyo na kikomo, domeni, yaani jina la tovuti, bure mwaka wa kwanza. Dola siku hizo ilikuwa kama shilingi 100. Bando langu la intaneti lilikula zaidi ya hapo.

Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa akitengeneza simu na kompyuta kwenye kiduka kisichotosha watu wanne. Hakubishana nami. "Bonyeza uende kulipa," akasema.

Nikabonyeza. Dola 106.20.

Ile 2.95 ilikuwa ya mtu anayelipa miezi 36 kwa mpigo. Chini kabisa, kwa maandishi ya kijivu, kulikuwa na bei ya kulipia upya, karibu mara tatu. Nikajitetea kwa ile nafasi isiyo na kikomo. Akafungua masharti, akanionyesha kwamba idadi ya faili ina kikomo, na ukiisumbua sana seva, ile kompyuta yao inayobeba tovuti, wanakuzima.

"Umewahi kupimiwa omena kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, lililobonyezwa kitako?"

Nilicheka, maana nimepimiwa, tena si mara moja. Kwa juu limefurika. Ukitia mkono unakutana na bati mapema.

Tukahamia kwa kampuni ya Nairobi: shilingi 2,000 kwa mwaka, na domeni ya .co.ke shilingi 999. Unalipa kwa M-Pesa, na hilo lilikuwa jambo kubwa kwangu kwa sababu sikuwa na kadi ya benki ya kulipia mitandaoni. Yeye akaandika amri fulani kwenye ule ukurasa mweusi wa kompyuta, kupima muda wa kwenda na kurudi kutoka kwenye seva yao. Nilitarajia umbali wa Nairobi. Zikaja milisekunde 170 na zaidi. Akafuatilia anwani.

"Duka liko Nairobi," akasema, "stoo iko Ujerumani."

Niliona nimedanganywa. Yeye hakujali: kwa blogu ya maandishi na picha chache, alisema, msomaji wa Kisumu hatasikia tofauti hiyo kama utapunguza picha kabla ya kuzipandisha. Kitu alichotaka nifanye ni kuwapigia simu. Nikapiga. Dada aliyepokea alijibu kila nilichouliza: cPanel ya kuendeshea tovuti ipo, WordPress ya kuandikia blogu unaiweka mwenyewe kwa kubofya, cheti cha usalama cha Let's Encrypt ni bure, nakala rudufu kila wiki. Bei ya mwaka wa pili? Ileile. Nikamuuliza tena, akarudia bila kukasirika. Mpaka leo sauti ile naiamini kuliko majedwali yote ya kulinganisha niliyosoma usiku ule.

Kilichobaki kilionekana kidogo. Ndugu yangu alikuwa na akaunti kwao tayari, kwa ajili ya wateja wake. "Domeni naiweka kwangu," akasema huku akiandika, "kila mwaka nitakukumbusha."

Dani alikuwa na kibanda soko la Kibuye kwa miaka mingi. Karatasi ilikuwa na jina la shemeji yake, kwa sababu siku ya kuandikisha yeye ndiye aliyeenda mjini. Shemeji alipofariki, wanawe walikuja na ile karatasi. Hawakuja kwa ubaya hata. Walikuja tu, na dani akakunja turubai lake.

"Iandike kwa jina langu," nikasema. "Na barua pepe yangu."

Vidole vikasimama. "Yaani mimi nitakuibia?"

"Sijasema hivyo."

Nilikuwa nimesema hivyo, na sote wawili tulijua. Ningeweza kumweleza kwamba majina ya .ke yanasimamiwa na shirika la KENIC, na kwamba anayeulizwa siku ya ugomvi ni yule aliyeandikishwa. Hayo alikuwa akiyajua kunishinda. Mteja akaingia kuulizia chaja, akatoka. Hatimaye alinisukumia kibodi bila kunitazama.

"Andika mwenyewe basi."

Nikafungua akaunti yangu, nikaandika majina yangu yote matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho. Ankara ikaja: 3,479. VAT ya asilimia 16 sikuwa nimeihesabu. Nikalipa. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia, salio shilingi 21, na nauli ya kurudi Dunga ilikuwa zaidi ya hiyo.

Nilikaa kidogo nikijifanya nasoma simu.

"Ndugu," nikasema, "una hamsini?"

Akaendelea kufungua skrubu za simu ya mtu, kisha akavuta droo kwa goti.